Mwalimu Kwanza, Mashine Baadaye

Mtu wa Mombasa akipanda Nairobi na kuingia mitaa ya mashariki ya mji, ile iitwayo Eastlands, hupokewa na majina ya kwao. Kuna Makadara huko kama ilivyo kwetu, kuna Majengo, kuna Kaloleni. Katika Pumwani, mtaa uliowekwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya ishirini ya karne iliyopita, adhana husikika mara tano kwa siku, na Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani kwa vizazi kadhaa. Kwa hivyo, ndugu msomaji, ninapokuletea habari za shule za Eastlands usidhani nakuletea habari za ugenini. Watoto wa huko ni wetu, ama kwa damu, ama kwa dini, ama kwa lugha, na mwalimu anayewasomesha ana shida ambayo leo nataka tuitazame kwa utuvu.

Shida yenyewe ni hii. Kwa muda wa miaka kumi na ushei mwalimu wa shule ya msingi amekuwa akiletewa mashine, programu na masomo ya intaneti, na kila kinacholetwa huja kwa sherehe, hotuba na picha za magazeti. Kisichokuja ni mtu wa kukaa naye ubavuni akamwonyesha. Nami nasema waziwazi tangu hapa mwanzo: sehemu ya fedha zilizonunua vyombo hivyo ingalitumika kumsaidia mwalimu, watoto wa Dandora, Kayole na Majengo wangalikuwa wamefika mbali zaidi kuliko walipo.

AHADI NA KABATI

Mwaka 2013, Uhuru Kenyatta na William Ruto walipokuwa wakiomba kura, waliahidi kuwa kila mtoto wa darasa la kwanza atapewa kompyuta ya kupakata. Wazazi walifurahi, na ni haki yao kufurahi. Lakini zabuni ilizusha mashauri, mradi ukakawia, na haukuanza mpaka 2016, kwanza katika shule 150 za majaribio. Kufikia hapo kompyuta zilikuwa zimegeuka kuwa vishikwambi, vile ambavyo mitaani huitwa tableti. Kazi ya kuviunda ilipewa Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kila kimoja pamoja na washirika wake wa ng'ambo. Stima ilipelekwa kwa haraka katika shule ambazo hazikuwa nayo, na vifaa vilivyogawanywa hatimaye vilipita milioni moja, katika shule za serikali zaidi ya 20,000. Pamoja na vya watoto, kulikuwa na vifaa vya waalimu na projekta ya kuangazia ukutani.

Hiyo si kazi ndogo, na mwenye kuidharau hana insafu. Kwa upande wa vyombo, serikali ilitimiza sehemu kubwa ya ilichokisema. Je, mwalimu naye alipewa nini? Aliitwa semina ya siku chache. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akatazama mtu akibonyeza vitufe kwenye ukuta wenye mwangaza, akanywa chai, akarudi shuleni. Siku ya kwanza alipokwama darasani, mbele ya watoto sitini au sabini, hapakuwa na wa kumuuliza. Siku ya pili akaogopa chombo kisiibwe, kwani kimeandikwa kwa jina la shule na kikipotea kuna maswali. Siku ya tatu akakifungia kabatini. Mara nyingi ufunguo nao ukawa kwa mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu hutoka kwa mikutano.

Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza 2016 leo ni kijana mkubwa. Hatarudi tena darasa la kwanza ili tumfanyie vizuri zaidi. Hii ndiyo sababu jambo hili si la mashine tu.

Tena kuna wale ambao sherehe hiyo iliwapita kando. Mradi ulikuwa wa shule za serikali. Katika Mukuru, Mathare na pembe za Kayole, watoto wengi sana husoma katika vijishule vya binafsi vya ada ndogo, vya mabati, kwa kuwa shule za serikali ni chache na zimejaa tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure 2003. Mwalimu wa huko hakupata kifaa wala semina. Alicho nacho ni simu yake mwenyewe, na bando anayoinunua kwa mshahara ambao wakati mwingine hulipwa nusu.

MASHINE ILIYOKUJA KAMA MKAGUZI

Watu wengi wakizungumza juu ya jambo hili husema kuwa waalimu, hasa wa umri wetu, wanaogopa mambo mapya. Mimi sikubaliani nao. Mwalimu huyo huyo hutuma na kupokea fedha kwa simu, hukata tiketi ya gari kwa simu, na harusi ya binti yake huichangisha kwa makundi ya simu. Haogopi chombo. Anachokiogopa ni kile ambacho chombo kimekuwa kikimfanyia.

Hebu tufuatilie jinsi intaneti ilivyobisha hodi kwake. Kuanzia 2016, TSC, ambayo ndiyo tume inayowaajiri waalimu, iliwataka wajitathmini kazi zao na kuzijaza mtandaoni. Mwaka 2017 ukaja utaratibu wa wizara wa kuandikisha kila mwanafunzi katika mtandao, na shule ambayo haikukamilisha iliona athari yake katika fedha za kuendeshea kazi. Kisha mtaala mpya wa umilisi ulipoenea, Baraza la Mitihani likawataka waalimu wachukue kazi za kupimia watoto kutoka mtandao wake, wazichape, wawapime watoto, kisha warudi kuingiza alama. Kila moja la mambo haya lina sababu yake, na sisemi halina maana. Lakini yatazame yote kwa pamoja. Yote ni ya kumdai mwalimu. Hakuna hata moja linalomfundishia kipindi kimoja.

Basi ukipita Umoja au Buruburu wakati wa mwisho wa muhula utawaona waalimu wamepanga foleni katika saiba, wamekaa karibu na kijana wa dukani, wakimpa na neno lao la siri awajazie. Wanalipa kwa mfuko wao. Sasa mtu akija kesho na programu nzuri kabisa ya kusomea hesabu, mwalimu husikia nini masikioni mwake? Husikia: "Fomu nyingine hiyo." Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tusimlaumu aliyeshtuka, tumtazame nyoka.

Nimewahi kuliona jambo hili kwa macho yangu, na nimeliona pia lilivyoweza kugeuka. Nilialikwa katika shule moja ya msingi katika mitaa hiyo, ambayo jina lake nalisitiri, nizungumze na watoto juu ya ushairi. Mwalimu wa Kiswahili, mama mtu mzima karibu na umri wangu, aliniomba niwaghanie beti mbili tatu, kwani watoto walikuwa wakiyaona mashairi vitabuni kama hesabu za mizani na vina, hawajapata kusikia kuwa yana sauti. Nilighani. Walipokwisha kupiga makofi, mama yule alisema kwa huzuni ya kweli, "Na ukishaondoka, mzee, nani atawaghania?"

Kabati la vishikwambi lilikuwa nyuma yake, limefungwa. Hakulitazama. Kijana mmoja, mwalimu wa sayansi, ndiye aliyesema, "Mwalimu, toa simu yako." Hakuichukua simu mkononi mwake, hilo nililiangalia sana. Alimwambia mama bonyeza hapa, na mama akabonyeza. Nikaghani tena, na mama akanasa sauti. Wakaifuta. Wakanasa tena, na tena, mpaka mama akaweza bila kuambiwa. Kisha kijana akaleta kispika kidogo cha shilingi chache, akamwonyesha namna ya kukiunganisha na simu, nacho akamfanyisha mara tatu. Yote yalimalizika katika mapumziko ya chai. Wiki iliyofuata nilipokea ujumbe wa sauti: darasa zima linaghani, na katikati ya sauti za watoto naisikia ya mama mwenyewe. Alikuwa amewanasa na kuwasikilizisha sauti zao, wakacheka, wakajirekebisha, wakaghani upya.

Zingatia mambo manne hapo. Mama alikuwa na haja yake mwenyewe kabla ya chombo kutajwa. Chombo kilikuwa chake. Aliyemwonyesha alikuwa mwenziwe wa shule hiyo hiyo, ambaye kesho atakutana naye ukumbini akiwa na swali jingine. Na vidole vilivyofanya kazi vilikuwa vya mama. Semina ya hoteli haina hata moja katika haya manne.

CHUO KILILIJUA HILI ZAMANI

Sisi tuliolelewa na ubao na wino wa chuoni hatuna haja ya kuletewa wataalamu kutuambia mambo haya. Chuoni, kusoma ni kusomeshana. Mwalimu husoma, mtoto husikiliza. Mtoto husoma, mwalimu husikiliza. Mtoto mkubwa aliyekwisha juzuu humshika mdogo aliye katika alifu na be. Herufi ikitoka mahali sipo, hurudishwa pale pale, siyo baada ya muhula. Wala hapana anayehesabiwa kuwa amesoma kwa kuwa alihudhuria. Huhesabiwa kwa kuwa alisikizwa.

Na chuo hakikuvikataa vyombo. Msahafu wa kupiga chapa ulipokuja uliingia, na ule uliochapwa Misri 1924 ukaenea ulimwenguni kote. Mwaka 1961 Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alirekodiwa akiisoma Qurani yote kwa tartili, ikarushwa kwa redio, na baadaye ikafika majumbani mwetu kwa kanda. Je, vyuo vilifungwa? Havikufungwa hata kimoja. Mwalimu mwenye busara aliwasikilizisha wanafunzi wake kanda ile, kisha akaizima, akasema, "Haya, soma wewe." Kanda ilimpa mwalimu sauti asiyokuwa nayo. Lakini kanda haina masikio. Haikumsikia mtoto anayechanganya ha na kha. Kazi ya kusikia ilibaki kuwa ya mwalimu, na ndiyo kazi yenyewe.

Wako wazee wetu wanaohofia kila kitu chenye kioo, wakisema simu zimeharibu watoto. Hofu yao naielewa, maana yanayopita katika simu hizo si yote ya kutazamwa. Lakini hofu hiyo inamtaka mwalimu aelewe chombo zaidi. Mtoto mwenye simu na mwalimu asiyeijua ni sawa na mtoto aliye baharini na mzee asiyejua kuogelea.

Wengine huona haya. Vipi mtu wa miaka thelathini kazini akafundishwe na kijana wa juzi? Waislamu wenzangu wanakijua kisa kilichomo katika Suratul Kahf, cha Nabii Musa, amani iwe juu yake, aliyesafiri kumtafuta mja mwenye elimu ambayo yeye hakuwa nayo, akaomba kumfuata. Ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alikubali kuwa mwanafunzi, sisi ni kina nani?

WALIOJARIBU WAKAFAULU

Mfano wa karibu uko hapa hapa kwetu. Katika miaka ya themanini, Mombasa, Bi Swafiya Said, aliyekuwa mwalimu wa madrasa, alishirikiana na Wakfu wa Aga Khan kuanzisha shule za watoto wadogo zilizounganisha mafunzo ya dini na ya dunia. Waalimu wake walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo, wengi wao hawakusoma sana. Hawakufanywa waalimu kwa semina moja. Walifunzwa kidogo, wakaenda darasani, wakatembelewa huko darasani, wakaonyeshwa, wakatembelewa tena. Mpango huo ulivuka ukafika Zanzibar, kisha Uganda. Wakati huo hapakuwa na kishikwambi. Palikuwa na mtu anayerudi.

Mfano wa pili ni Tusome, mpango wa taifa wa kusomesha kusoma, ulioanza 2015 kwa msaada wa Marekani na Uingereza. Hapo kishikwambi kilikuwako, lakini tazama alipewa nani. Alipewa ofisa wa elimu ambaye kazi yake ni kuzizunguka shule. Akiingia darasani huketi nyuma, hutazama kipindi, huandika aliyoyaona kwa programu iliyomo ndani ya kile kishikwambi, huwasikiliza watoto wachache wakisoma, na kengele ikilia huketi na mwalimu kumwambia: hili ulilifanya vizuri, hili jaribu hivi kesho. Nauli yake ilirudishwa kwa kadiri ya ziara alizozifanya kweli, na chombo chenyewe ndicho kilichoonyesha alikofika. Mpango huo ulizihesabu pia baadhi ya shule za binafsi za ada ndogo mijini, zile zile zilizopitwa kando na vishikwambi vya serikali.

Kabla ya Tusome kulikuwa na jaribio kubwa, na sehemu moja yake, iliyofanywa Kisumu, inafaa isomwe na kila mwenye kushika fedha za umma. Kundi moja la shule, vishikwambi vilipewa maofisa wanaozuru. Kundi la pili, waalimu. Kundi la tatu, watoto wenyewe walipewa vyombo vya kusomea. Matokeo yake yalichapishwa 2016, mwaka ule ule serikali ilioanza kugawa. Makundi yote matatu yalisonga mbele kuliko shule zisizopata kitu, lakini hakuna lililowashinda wenzake kwa tofauti ya maana. Kilichotofautiana ni gharama, maana kumpa kila mtoto chombo kunagharimu mara nyingi zaidi kuliko kumpa ofisa mmoja anayezihudumia shule kadhaa.

Na ng'ambo? Nchi ya Peru ilinunua kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu, ikawagawia watoto wa vijijini. Utafiti mkubwa uliotolewa 2012 haukuona kuwa wamezidi kujua hesabu wala kusoma. Chombo kilifika, kipindi cha mwalimu kilibaki kama kilivyokuwa.

MWALIMU WA KUSOMEWA NA MASHINE

Hapa nina wajibu wa kuwatendea haki wanaofikiri kinyume changu. Wao husema: kwa nini tuhangaike kumwelimisha mwalimu mmoja mmoja? Tumpe chombo chenye somo lote limeandikwa, neno kwa neno, yeye asome tu. Shule za Bridge, zilizoanza Mukuru 2009, zilifanya hivyo. Mwalimu alishika kifaa kilichomwambia aseme nini, aandike nini ubaoni, na watoto wajibu nini. Vyama vya waalimu viliwapinga vikali. Lakini mwaka 2022 mwanauchumi Michael Kremer, aliyewahi kupata tuzo ya Nobel, na wenzake walitoa utafiti ulioonyesha kuwa watoto wa shule hizo walijifunza zaidi kuliko wenzao. Ukweli ni ukweli, hata ukitoka katika kinywa usichokipenda.

Mimi nauchukua ukweli huo, ila nauliza unatuonyesha nini. Unaonyesha kuwa mwalimu aliyeachwa bila maandalio, bila kitabu na bila wa kumtazama, hufundisha vibaya kuliko aliyeandaliwa somo na kufuatwa. Hilo sisi sote twalikubali. Lakini kumfanya mtu awe mdomo wa mashine maisha yake yote ni jambo jingine. Mtoto wa Majengo akiuliza swali ambalo halimo katika kifaa, nani atamjibu? Gongo la mtoto anayejifunza kutembea hukatwa kwa kipimo, na siku moja huwekwa kando.

Na swali hili sasa limekua zaidi, kwa kuwa akili unde, yaani programu za kompyuta zinazoandika na kujibu kama mtu, zimo tayari katika simu za waalimu. Wengi huzitumia kuandika maazimio ya kazi na maandalio ya somo, kimya kimya, bila ya kuongozwa na mtu. Mimi kama mtunzi nimezijaribu. Kiingereza chao kimenyooka. Kiswahili chao mara huenda sawa, mara huteguka kifundo: methali hugeuzwa, ngeli hukosewa, na shairi huja bila mizani likijiita shairi. Mwalimu mjuzi ataona na kusahihisha. Mwalimu aliyekata tamaa atanakili ubaoni. Watoto wa Eastlands, ambao barabarani wana Sheng yao hodari, watakitoa wapi Kiswahili fasaha ikiwa hata ubao wa shule umeharibika?

LA KUFANYA

Nionavyo mimi, mambo yenyewe si mengi wala si ghali.

Kwanza, chombo apewe mwalimu, na kiwe chake. Aende nacho nyumbani, asomee gazeti, azungumze na wanawe walioko Uarabuni. Mtu hukizoea chombo kwa haja zake, kisha hukileta kazini. Chombo cha kabatini hakizoeleki.

Pili, katika kila shule achaguliwe mwalimu mmoja, si lazima awe kijana, anayejua na mwenye subira, apunguziwe vipindi viwili vitatu kwa wiki ili awe wa kuulizwa. Asiwe mkubwa wa wenzake wala asiandike ripoti juu yao. Kazi yake iwe moja tu: akiitwa, aende darasani, na asiishike simu ya mwenziwe kwa mkono wake.

Tatu, jambo moja kwa muhula mmoja. Asiletewe programu kumi. Mwalimu wa Kiswahili aanze na kunasa sauti. Wa sayansi aanze na kuonyesha picha inayotembea ya moyo unavyopiga. Likishakaa, ndipo liongezwe la pili.

Nne, bando isilipwe na mwalimu. Masomo ambayo Taasisi ya Ukuzaji Mitaala imekwisha kuyaandaa yawekwe shuleni katika kifaa cha kuhifadhia, yafunguliwe bila ya intaneti. Tuliona 2020, shule zilipofungwa kwa korona kuanzia Machi, masomo yakarushwa kwa redio, televisheni na mtandao, jinsi mtoto wa nyumba yenye bando na wa nyumba isiyo nayo walivyoachana njia. Shule hazikufunguliwa kwa wote hadi Januari 2021, na pengo lile halikuzibwa kwa kufungua mlango tu.

Tano, anayekagua na anayesaidia wasiwe mtu mmoja. Ofisi ikitaka fomu zijazwe, na iajiri wa kuzijaza. Mashine ikimjia mwalimu kama msaada mara mbili tatu, ataipokea. Ikimjia kila mara kama askari, atajificha.

Sita, shule za mabati na madrasa zihesabiwe. Mtoto hakuchagua mlango alioingilia.

Na la saba ni letu sisi watu wa pwani. Tumezoea kulalamika kuwa Kiswahili cha bara kimepotoka, tukicheka barazani juu ya kahawa. Kicheko hakifundishi. Tunao waghani, tunao wasimulizi wa ngano, tunao waalimu wastaafu wa Lamu, Mombasa na Vanga wenye lugha safi kama maji ya mtungi. Wanaswe sauti zao, kwa vipande vifupi vya dakika mbili tatu, kila kipande kwa somo linalojulikana katika mtaala, vipelekewe waalimu wa Eastlands bila ya malipo. Simu moja yatosha kuanza kazi hii, na wajukuu wetu wanajua kuiendesha. Kama tukikaa, programu za ughaibuni zitawafundisha watoto hao Kiswahili chao, na mwaka wa kulaumiana utakapofika tutakuwa hatuna hoja.

Sura ya kwanza kuteremshwa yataja kusoma, yataja na kalamu. Kalamu ni chombo, na vyombo hubadilika, kutoka mwanzi hadi risasi hadi kioo. Anayefunza na anayefunzwa hawakubadilika. Mtunzi hawezi kuagana bila beti, basi nami naiacha yangu kwa wenye kushika mikoba ya fedha:

Chombo mwaleta shuleni, mkakusanya kaumu,
Kikafungwa kabatini, kikakosa mhudumu,
Mwenye ilimu ni nani, kama si yeye mwalimu?
Mshikeni mkononi, mengine yatajikimu.

Wabillahi taufiq.